Bajeti ya chuo cha jamii inapobana: mwongozo kwa wajumbe wa seneti ya walimu California

Mwalimu akichaguliwa kuingia seneti ya chuo cha jamii mwaka ambao fedha zimepungua, cha kwanza anachotaka ni kuona tarakimu. Tarakimu zitafika tu. Kabla yake asome kanuni, kwa sababu nguvu ya seneti haiko kwenye kiasi cha fedha. Iko kwenye utaratibu wa kukifikia kiasi hicho, na kwenye kalenda.

Haki mliyo nayo, na inapoishia

Sheria ya AB 1725 ya mwaka 1988 ndiyo iliyowapa walimu wa vyuo vya jamii vya California sauti rasmi katika uongozi. Kanuni zake ziko Taito 5 ya Kanuni za California, sehemu inayohusu elimu, na kifungu 53200 kina orodha ambayo vyuoni huitwa 10+1: mtaala, masharti ya digrii na vyeti, sera za kutoa alama, uendelezaji wa programu na mengineyo ya kitaaluma. Namba 10 inahusu taratibu za kupanga mipango ya chuo na kuandaa bajeti. Taratibu, si bajeti yenyewe. Kiasi hupitishwa na bodi ya wadhamini, na hilo halibishaniwi.

Tofauti hii ina matokeo makubwa. Seneti inayokwenda mbele ya bodi na kusema "msiifunge idara hii" imetoa maoni, na maoni bodi huyapokea, ikashukuru, ikaendelea na ajenda. Seneti inayosema "idara hii inafungwa bila kupita hatua ya tatu ya utaratibu mlioupitisha wenyewe" imeshika kanuni mkononi.

Kwa kila jambo la 10+1, bodi ya kila wilaya, yaani ile inayoendesha chuo kimoja au zaidi, imeamua mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza ni kutegemea zaidi ushauri wa seneti. Ya pili ni makubaliano ya pande zote mbili. Tafuteni sera ya bodi inayohusu ushiriki katika maamuzi. Wilaya nyingi huipa namba 2510. Angalieni namba 10 imewekwa njia ipi, maana kifungu 53203 kinazitofautisha. Ikiwa ni njia ya kwanza, bodi inaweza kuukataa ushauri wa seneti pale tu penye hali isiyo ya kawaida na sababu nzito, na seneti ikiomba, sababu hizo hutolewa kwa maandishi. Ikiwa ni makubaliano na hayakupatikana, sera iliyopo hubaki, isipokuwa kama kubaki kwake kunaiweka wilaya katika hatari ya kisheria au ugumu mkubwa wa kifedha. Pasipokuwa na sera kabisa, bodi inaweza kuamua baada ya juhudi za dhati za kukubaliana, mradi iwe na sababu nzito za kisheria, kifedha au kiutendaji.

Hapo ndipo panapoonyesha kwa nini utaratibu huandikwa mwaka ambao fedha zipo. Mwaka wa ukata, bodi inakuwa tayari na sababu nzito ya kifedha, na seneti isiyokuwa na sera ya zamani ya kusimamia haina pa kuegemea. Kama chuo chenu hakina utaratibu ulioandikwa wa kufunga programu, anzeni na huo leo, hata kama hakuna programu inayotishiwa. Taito 5, kifungu 51022, inaitaka kila bodi iwe na sera ya kuanzisha, kubadili na kufuta kozi au programu. Wilaya nyingi zina aya moja tu ya sera hiyo, na aya moja haimlindi mtu.

Mipaka mingine miwili ya haraka. Mishahara, saa za kazi, idadi ya wanafunzi darasani na athari za kupunguzwa kazi ni mambo ya chama cha wafanyakazi, chini ya sheria ya majadiliano ya mwaka 1975. Seneti ikiingia humo, uongozi unapata kisingizio cha kuwachonganisha ninyi na chama. Wafanyakazi wasio walimu na wanafunzi nao wana haki yao ya kushiriki, kila kundi kwa kifungu chake. Kamati ya bajeti isiyo nao itapingwa, na itapingwa kwa haki.

Kalenda: uamuzi hufanyika Februari

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Gavana hutoa pendekezo la bajeti ya jimbo ifikapo 10 Januari, analirekebisha katikati ya Mei, na Bunge la jimbo linatakiwa kupitisha ifikapo 15 Juni. Wilaya hupitisha bajeti ya awali ifikapo 1 Julai na bajeti ya mwisho ifikapo 15 Septemba. Ukizisoma tarehe hizi peke yake utadhani mjadala wa kweli ni wa Mei.

Sivyo. Sheria inataka mwalimu wa kudumu anayekusudiwa kupunguzwa apewe notisi ifikapo 15 Machi, na uamuzi wa mwisho utoke kabla ya 15 Mei. Ili notisi itoke Machi, bodi hupitisha azimio la kupunguza aina fulani ya huduma mwezi Februari au siku za mwanzo za Machi. Ratiba ya masomo ya muhula wa Agosti nayo huwa inapangwa wakati huohuo. Kwa hiyo maamuzi mazito hujengwa juu ya makisio ya Januari, wakati hakuna anayejua mapato halisi ya jimbo yatakuwaje. Seneti inayoweka bajeti kwenye ajenda yake Aprili inajadili jambo lililokwisha.

Mwezi wa kuomba makisio ni Novemba. Msiombe "rasimu ya bajeti". Mtajibiwa kuwa bado haipo, na ni kweli haipo. Ombeni makisio yatakayotumika kuijenga, tena kwa maandishi:

- lengo la uandikishaji wa mwaka ujao, kwa FTES, yaani idadi ya wanafunzi ikihesabiwa kama wote ni wa muda wote;
- nyongeza ya gharama za maisha inayotarajiwa kutoka jimbo;
- kipunguzo kinachokisiwa iwapo fedha za jimbo hazitatosheleza mgao wa vyuo vyote;
- gharama ya kupanda ngazi za mshahara, ambayo huongezeka kila mwaka hata bila nyongeza yoyote ya mkataba;
- viwango vya mchango wa mwajiri kwenye pensheni, na bima ya afya;
- idadi ya nafasi zilizo wazi, na ni zipi zimebaki ndani ya bajeti.

Mstari wa pensheni usipitwe haraka. Mchango wa mwajiri kwa CalSTRS, mfuko wa walimu, ulikuwa asilimia 8.25 ya mshahara hadi mwaka 2013-14; sheria ya 2014 iliupandisha hatua kwa hatua, na sasa ni asilimia 19.10. Wa CalPERS, mfuko wa wafanyakazi wengine, umezidi asilimia 26 miaka ya karibuni. Fedha nyingi ambazo watu husema "zimepotea kwenye utawala" zilikwenda huko. Utawala nao hukua, na kuuliza ni halali, lakini ulizeni baada ya kuuondoa mstari huu, la sivyo mkuu wa fedha atawajibu kwa sentensi moja na kikao kitaishia hapo.

Kusoma karatasi

Ripoti inayostahili kusomwa ni CCFS-311, ile inayopelekwa jimboni, kwa sababu vyuo vyote huijaza kwa mtindo mmoja. Slaidi za kikao cha bajeti haziwezi kulinganishwa na za mwaka jana, 311 inaweza. Chukueni ya miaka mitatu, mfuko mkuu usio na masharti peke yake. Fedha zenye masharti, yaani ruzuku na programu maalumu, zikichanganywa humo hufanya chuo kionekane tajiri.

Matumizi yamepangwa kwa namba. 1000 ni mishahara ya walimu na wataaluma, 2000 wafanyakazi wengine, 3000 marupurupu, 4000 vifaa, 5000 huduma na uendeshaji, 6000 mali za kudumu, 7000 uhamisho na mengineyo. Ndani ya 1000, 1100 ni walimu wa kudumu wanaofundisha, na 1300 ni ufundishaji wa walimu wa muda pamoja na mzigo wa ziada wa walimu wa kudumu. Mstari wa 1300 ndio hukatwa kwanza kila mahali, kwa sababu hauhitaji notisi ya Machi. Mwalimu wa muda, ambaye kisheria hafundishi zaidi ya asilimia 67 ya mzigo kamili katika wilaya moja, haambiwi amepunguzwa. Anaona tu jina lake halipo kwenye ratiba.

Linganisheni bajeti na matumizi halisi, si bajeti ya mwaka huu na ya mwaka jana. Kama kila mwaka bajeti inaonyesha nakisi ya milioni 2 na kila mwaka hesabu zinafungwa na salio, nakisi hiyo ni ya karatasi. Mara nyingi chanzo ni nafasi zilizo wazi: nafasi 8 ambazo hazijajazwa, kila moja kwa dola 110,000 pamoja na marupurupu, ni dola 880,000 zinazohesabiwa kama matumizi na hazitumiki. Ombeni orodha ya nafasi, si jumla yake.

Kinyume chake pia hutokea, na ndicho cha hatari zaidi. Chuo kinaonekana kimesawazisha bajeti, kumbe mishahara ya kila mwaka inalipwa kwa fedha za mara moja. Gawanyeni mapato mafungu mawili, ya kila mwaka na ya mara moja, na matumizi vivyo hivyo. Mapato ya kila mwaka yakiwa chini ya matumizi ya kila mwaka, chuo kina nakisi, hata ukurasa wa mwisho useme nini.

Tuchukue chuo cha mfano chenye mfuko mkuu wa dola milioni 60. Mishahara na marupurupu ni asilimia 85, yaani milioni 51. Milioni 9 zilizobaki ni umeme, bima, programu za kompyuta, mikataba ya matengenezo. Nyingi zimefungwa kwa mkataba. Nakisi ikiwa milioni 3, hakuna kiasi cha kupunguza karatasi na safari kitakachoiziba. Seneti inayopendekeza hivyo inajionyesha kwamba haikusoma. Akiba inayoshauriwa kwa vyuo hivi ni matumizi ya miezi miwili, hapa milioni 10. Chuo chenye akiba ya milioni 12 kikila milioni 3 mwaka huu, mwakani kiko chini ya mstari huo. Hiyo ndiyo hesabu ya kupeleka kwenye kikao: muda uliobaki, na nini kifanyike ndani yake.

Kufuta mkondo wa somo kunaokoa kiasi gani

Hapa ndipo mabishano mengi hufanyika, na hesabu yake si ngumu.

FTES moja ni saa 525 za masomo za mwanafunzi kwa mwaka. Mkondo, yaani darasa moja la kozi lenye ratiba yake, wa saa 3 kwa wiki wenye wanafunzi 35 hutoa saa 105 za mwanafunzi kwa wiki, yaani WSCH 105. Kwa muhula wa wiki 17.5, 105 mara 17.5 gawanya kwa 525 ni FTES 3.5. Mwalimu wa mkondo huo ametumia saa 3 kati ya 15 za mzigo kamili, yaani FTEF 0.20, sehemu moja ya tano ya mwalimu wa muda wote. Gawanya 105 kwa 0.20 upate 525, kile kipimo cha ufanisi ambacho madekani hukitaja kila kikao. Kipimo hicho kina maana ya wastani wa wanafunzi 35 darasani, basi. Maabara ya uuguzi yenye kikomo cha wanafunzi 12 kwa ajili ya usalama haiwezi kukifikia, na haikukusudiwa. Kipimo kimoja kikitumika kwa idara zote, idara za ufundi na afya zitaonekana mzigo daima.

Sasa mkondo wenye wanafunzi 14: ni FTES 1.4. Tukadirie dola 5,000 kwa FTES, sawa na dola 7,000. Mwalimu wa muda, tuseme, anagharimu dola 6,000 pamoja na makato. Dekani anataka kuufuta. Swali ni moja: wale 14 wataenda wapi? Kama 9 watahamia mkondo mwingine wenye viti, chuo kinapoteza wanafunzi 5, yaani FTES 0.5, dola 2,500, na kuokoa 6,000. Kufuta ni sawa. Kama ni mkondo pekee wa jioni na hakuna atakayehama, chuo kinapoteza 7,000 ili kuokoa 6,000. Na kama mkondo huo ni wa mwalimu wa kudumu, hakuna kinachookolewa, isipokuwa kama atapewa mkondo wa mwalimu wa muda.

Kuna mtego zaidi. Mgao wa jimbo, tangu fomula mpya ya 2018-19, huhesabu FTES za kawaida za masomo yenye krediti kwa wastani wa miaka mitatu. Akiba ya kufuta mkondo inaonekana mwaka huuhuu, ila hasara inagawanywa theluthi kwa miaka mitatu. Ndiyo sababu kufuta mikondo huonekana kumefanikiwa mwaka wa kwanza. Tena takriban asilimia 30 ya fomula haitegemei FTES moja kwa moja: asilimia 20 hufuata idadi ya wanafunzi wenye kipato kidogo, na 10 hufuata matokeo, kama vile kumaliza cheti. Kufuta kozi ya mwisho ya programu kunagusa fungu hilo pia.

Wilaya nyingine zinalipwa kiwango cha chini kilicholindwa, kilichowekwa kwa mgao wa 2024-25 na kisichoongezwa nyongeza ya gharama za maisha. Kwao, kuongeza FTES chache hakuleti senti hadi fomula ipite kiwango hicho. Ulizeni mapema wilaya yenu iko upande gani, maana hoja nzima ya "tuongeze uandikishaji" inategemea jibu hilo.

Muda wa kufuta nao una uzito. Wanafunzi wa madarasa ya kawaida huhesabiwa siku ya sensa, karibu na asilimia 20 ya muhula. Wanafunzi wa vyuo vya jamii huandikishwa wakiwa wamechelewa, wengi wiki ya mwisho. Mkondo unaofutwa wiki tatu kabla ya muhula umefutwa kabla ya wateja wake kufika. Utaratibu mzuri hutaja tarehe ya kuamua, idadi ya chini kwa kila aina ya darasa, na misamaha: kozi ya mwisho ya programu, mkondo pekee wa jioni, darasa lenye kikomo cha usalama.

Sheria ya asilimia 50

Wilaya lazima itumie angalau nusu ya gharama za kawaida za elimu kwa mishahara na marupurupu ya walimu wa darasani. Washauri wa wanafunzi na wakutubi, ingawa ni wanachama wa seneti, huhesabiwa upande wa pili. Sheria hii huwaonea watu hao, na bado ndiyo silaha ambayo uongozi hausahau.

Mfano: gharama milioni 56, walimu wa darasani milioni 28.3, yaani asilimia 50.5. Uongozi ukikata mikondo ya dola 800,000, walimu wanabaki milioni 27.5 juu ya jumla ya 55.2, ambayo ni asilimia 49.8. Sheria imevunjwa. Ili irudi nusu kwa nusu, lazima dola 200,000 nyingine zikatwe nje ya darasa. Ombeni hesabu hii ifanywe kwa kila pendekezo kabla ya kupigiwa kura. Ni dakika kumi za kazi kwa ofisi ya fedha. Pamoja nayo ombeni nafasi ya wilaya kwenye FON, idadi ya chini ya walimu wa kudumu, kwa sababu kushuka chini yake huleta adhabu ya fedha.

Kufunga programu

Utaratibu usipunguzwe kuwa jedwali la gharama. Hatua zinazofaa ni hizi: nani anaweza kuanzisha mapitio, kwa ushahidi gani, kamati ina wajumbe gani, inapewa muda gani, na muhula mmoja ndio wa chini, matokeo yanayowezekana ni matatu, yaani kuendelea, kuendelea kwa masharti yenye tarehe, au kufunga, na mpango wa kuwamalizia wanafunzi waliomo, ambao hata wakala wa ithibati huudai.

Kosa la kawaida ni programu kunyimwa fedha kwanza, kisha kupimwa. Mikondo yake hupunguzwa miaka miwili, mwalimu aliyestaafu hajazwi, uandikishaji unashuka, halafu kushuka huko ndiko kunaletwa kama ushahidi. Wekeni kwenye sera kwamba mapitio yataonyesha idadi ya mikondo iliyotolewa na kiwango cha kujaa kwake kwa miaka mitano. Programu ambayo mikondo imepungua na kujaa kumebaki asilimia 90 haikukosa wanafunzi.

Wakati mwingine programu inastahili kufungwa. Seneti isiyowahi kukubali hata moja haitaaminiwa inapokataa.

Kikaoni

Seneti iko chini ya sheria ya Brown ya mikutano ya wazi: ajenda ya kikao cha kawaida hubandikwa saa 72 kabla, cha kikao maalumu 24, na kisichokuwa kwenye ajenda hakipigiwi kura. Uongozi ukitangaza jambo kubwa Jumatano na bodi ikutane Jumanne, mnahitaji kikao maalumu, na notisi iandikwe siku hiyohiyo. Nyaraka mnazonyimwa ziombeni kwa sheria ya kumbukumbu za umma. Chuo kina siku 10 za kujibu kama kinazo za kutoa. Ombeni waraka mmoja kwa jina lake. Ombi la "nyaraka zote za bajeti" huchukua miezi.

Azimio liwe fupi. Litaje kifungu, litaje hatua ya utaratibu, liombe kitu kimoja chenye tarehe. Kwa mfano: "Kwa kuwa kifungu 53200, namba 10, kinahusu taratibu za bajeti, na kwa kuwa sera yetu inataka makisio yafike kamati ya bajeti kabla ya Desemba, seneti inaiomba bodi iahirishe kura ya kupunguza huduma hadi makisio hayo yawasilishwe, na ikikataa, itoe sababu kwa maandishi." Azimio la kutokuwa na imani na rais wa chuo halina nguvu ya kisheria, na likishatumika hakuna la zaidi ya hilo. Liacheni hadi mambo mengine yote yameandikwa kwenye kumbukumbu.

Bajeti ya mwisho ikishapitishwa Septemba, ripoti ya robo ya kwanza hupelekwa jimboni katikati ya Novemba, siku 45 baada ya robo kuisha. Ni karatasi ya kwanza inayoonyesha kama makisio yalishika. Iwekeni kwenye ajenda ya Novemba kila mwaka, kikao kilekile mnachoomba makisio ya mwaka unaofuata.